Kuanza uzamili Mombasa ukiwa na kazi na nyumba: hatua kwa hatua

Wanaonipigia simu kuuliza habari za uzamili huanza na swali moja: masomo ni magumu? Nawajibu kwamba darasani sikupata tabu kubwa. Darasa lina ratiba. Jumanne na Alhamisi saa kumi na moja na nusu mwalimu anaingia, saa mbili na nusu usiku anatoka, mtihani unakuja, unafanya, umekwisha. Kazi iko baada ya mtihani wa mwisho. Hapo hakuna ratiba, hakuna wenzio, wala hakuna atakayekutafuta akuulize umefika wapi. Mwaka wetu wa kwanza viti havikutosha, wengine wakakaa dirishani. Siku ya mahafali, kutoka darasa lile, tuliovaa joho tulikuwa watatu.

Kwa hiyo haya ninayoyaandika yameegemea upande mmoja. Nataka uingie darasani siku ya kwanza ukiwa umeshajipanga kwa ile miezi isiyo na kengele.

Mimi ni mtu wa Likoni, ng'ambo ya feri. Nilisoma jioni, mchana nikifanya kazi katika kampuni ndogo ya kutoa mizigo bandarini. Nina mume, watoto wawili, na mama mkwe anayekaa nasi. Kama umetoka digrii ya kwanza juzi na huna wa kumpikia, yapo utakayoyaruka.

Hatua ya kwanza: kabla hujalipa ada ya maombi

Vyuo vingi vya Kenya hutaka digrii ya kwanza ya daraja la pili la juu. Mwenye daraja la pili la chini huongezewa sharti la uzoefu wa kazi, mara nyingi miaka 2. Kama digrii yako ni ya nje ya nchi, peleka mapema maombi ya kuitambulisha kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, maana barua hiyo haitoki kwa siku moja. Tume hiyo hiyo ndiyo ya kuulizia kama masomo unayoyataka yameidhinishwa. Ulizia kozi yenyewe kwa jina lake, si chuo peke yake. Chuo chaweza kuwa halali na kozi moja ndani yake ikawa bado haijapitishwa.

Kisha chagua pa kusomea. Ukitaka kulala kwako, kuna Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor, ambacho wazee wetu wanakijua kwa jina la MIOME na wa rika langu kwa jina la Poli. Hati ya kuwa chuo kikuu kamili kilipata mwaka 2013. Kuna Chuo Kikuu cha Pwani huko Kilifi, kama kilomita 60 kaskazini. Na kuna matawi ya vyuo vya bara hapa mjini. Usichague kwa ukubwa wa jina. Nenda mwenyewe idarani, salimia, uliza: nani hapa anaijua mada hii, na anakaa wapi? Tawi laweza kuwa na darasa zuri Mombasa na wasimamizi wote wakawa Nairobi. Treni ya Madaraka Express kutoka Miritini ni kama saa tano kwenda, na hakuna anayekuhakikishia kwamba ukifika utaukuta mlango u wazi.

Uliza pia kama kozi inaishia kwa mradi mfupi au kwa tasnifu. Wengi hawaulizi, wakashtuka mwaka wa pili. Mradi unaandikika na mtu mwenye kazi bila kupoteza usingizi wote. Tasnifu inakula zaidi, ila kama una nia ya kuendelea na uzamivu, ndiyo itakayokubeba.

Na ikiwa unasoma ili upande cheo, mwendee mkuu wa utumishi kwanza umwulize, na jibu ulipate kwa maandishi. Mwenzangu mmoja wa ofisini alimaliza uzamili wa biashara, akaambiwa nafasi aliyoilenga inataka cheti cha uhasibu. Walimu nao nawaambia hivyo hivyo, wasichukulie kwamba shahada ikiingia kwenye faili basi ngazi imepanda.

Hatua ya pili: hesabu isiyokuwamo kwenye karatasi ya karo

Karatasi ya karo inaonyesha muhula wa kwanza hadi wa nne, ukaona mambo yanawezekana. Chukua daftari uandike yale yasiyomo: nauli ya siku za darasa, chakula cha jioni mjini, bando za intaneti, ada ya kamati ya maadili, ada ya kibali cha utafiti, nauli za nyanjani na soda za unaowahoji, kupiga chapa nakala za wasimamizi na za watahini, kujalidi. Juu ya hayo, uliza ofisini kwa maneno haya haya: nikizidisha muda, nalipa nini kila muhula? Mimi sikuuliza. Muhula wa tano nilipokea dai la karo nikiwa sijaingia darasani hata siku moja. Nisingelilipa, jina langu lisingekuwa kwenye orodha ya wanafunzi, na aliye nje ya orodha msimamizi hana ruhusa ya kumsomea.

Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, huwakopesha na wanafunzi wa uzamili. Sako ni njia nyingine. Mimi nilipanga zamu yangu ya chama iangukie mwezi wa kulipa karo. Mara mbili niliwaomba kina mama wenzangu tubadilishane nafasi, wakakubali. Kosa langu lilikuwa kumaliza pesa zote kwenye masomo ya darasani. Ningeanza leo, ningeweka kando fungu la utafiti tangu mwezi wa kwanza, mahali ambapo siwezi kulichota kwa M-Pesa usiku wa manane.

Hatua ya tatu: nyumbani

Hapa nitakaa kidogo.

Mama mkwe wangu ni mtu mwema, na kwa miaka mitatu na nusu swali lake lilikuwa moja: "Mwanangu, hiyo skuli haina mwisho?" Mwaka wa kwanza nilimjibu, "Iko karibu, mama." Mwaka wa pili jibu hilo hilo. Wa tatu nikaona haya kulirudia. Baadaye nilifahamu kwamba haulizi kwa ubaya. Anaona mtu amekaa mbele ya kompyuta saa mbili nzima, ameshika tama, hagongi hata herufi, halafu anaambiwa yuko kazini. Siku moja nikamkalisha, nikamwonyesha karatasi niliyoibandika ukutani yenye mambo saba: pendekezo la utafiti, kulitetea, maadili, kibali, nyanjani, kuandika, kutetea tasnifu. Nikayapiga mstari mawili yaliyokwisha. Tangu hapo akawa yeye ndiye wa kuniuliza, "La tatu bado?" na yeye ndiye wa kuwafukuza watoto mlangoni.

Kwa hiyo usiwaambie watu wa nyumbani "nina kazi nyingi". Maneno hayo hayana saa. Waambie: Jumamosi kuanzia alfajiri hadi saa nne sipo, hata kama mnaniona. Baada ya saa nne mimi ni wenu. Na ikifika saa nne funga kompyuta kweli, maana ukiuvunja upande wako mara mbili, hakuna atakayejali upande wao.

Harusi na matanga ni jambo zito kwetu, halimalizwi kwa ratiba. Mimi nilijiwekea kanuni: matanga siachi. Harusini nakwenda usiku wa hina, naingia jikoni, nasaidia, kisha naaga kabla watu hawajaanza kukesha. Nilisemwa. Shangazi mmoja alisema nimeanza maringo ya kisomi. Nikanyamaza, na harusi iliyofuata nikaenda mapema zaidi, nikamenya vitunguu gunia zima, maneno yakapungua.

Kazini fanya kwa barua. Ruhusa ya mdomo hufa siku bosi akibadilishwa. Andika siku za darasa na saa utakayotoka, na useme utafidia lini; mimi niliingia saa moja asubuhi badala ya saa mbili. Usimfiche mkuu wako kwamba unasoma. Atajua tu, na atajua kwa njia mbaya.

Hatua ya nne: saa yako na pa kukaa

Tafuta saa moja ya siku ambayo ni yako, hata kama ni fupi. Yangu ilikuwa saa kumi hadi adhana ya alfajiri, jikoni, meza ikiwa imefutwa mafuta ya jana. Mwezi wa Ramadhani ilihamia baada ya daku. Jioni nilijaribu nikashindwa. Joto la miezi ya kaskazi linakupiga usingizi hata feni ikizunguka, na stima ikipotea ndiyo basi. Kompyuta iwe imejaa chaji kabla hujalala.

Feri nayo ni mahali pa kusoma, mradi uelewe mipaka yake. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache, ila kule kusubiri kwaweza kuwa nusu saa, na kwa mtu wa miguu hakuna nauli. Hapo usilete makala ngumu. Mimi nilichapa muhtasari wa makala, ukurasa mmoja mmoja, nikausoma nimesimama, kalamu ya risasi mdomoni, mkono mmoja umeshika mkoba kwa mbele. Geti likifunguliwa watu wanakuwa mto, na karatasi ikianguka usiinamie. Niliacha moja pale ikakanyagwa na Likoni nzima.

Siku za kuandika kwa kirefu nilikwenda maktaba ya taifa tawi la Mombasa. Wanaotafiti historia ya pwani wasiache maktaba ya Fort Jesus. Wanaotafiti mambo ya bahari na uvuvi, taasisi ya KMFRI ina makao yake hapa hapa Mkomani. Ofisini usiandike, hata wakati wa chakula cha mchana, utaitwa.

Hatua ya tano: muhula wa kwanza ufanye kazi ya muhula wa nne

Hili ndilo ningependa mtu angenishika mkono akaniambia. Kila somo la darasani litakutaka uandike insha mbili tatu. Wenzangu waliandika juu ya mada mpya kila mara, leo benki, kesho utalii. Aliyetutangulia sote kumaliza alichagua jambo moja tangu wiki ya pili, na kila insha akaipinda ielekee huko. Somo la nadharia likampa nadharia, somo la takwimu likampa jedwali, somo la mbinu za utafiti likampa nusu ya sura ya tatu ya tasnifu. Masomo ya darasani yalipokwisha sisi tulianza kutafuta mada, yeye akaanza kushona vipande.

Marejeleo yaweke kwenye programu tangu makala ya kwanza. Zotero ni ya bure na inatosha. Mimi nilikuwa naandika majina kwenye karatasi, na wiki mbili nzima za mwisho zikaishia kutafuta makala niliyoyanukuu mwenyewe.

Nakala zako ziwe tatu: kwenye kompyuta, kwenye Google Drive, na kwenye kifaa kinachokaa nyumba nyingine. Nilipeleka flashi kwenye saiba moja Mwembe Tayari kuchapa sura ya pili. Niliporudi nyumbani kuifungua, kila folda imegeuka kialama chenye mshale, ukibonyeza hakifunguki kitu. Kirusi. Nakala niliyokuwa nayo kwenye barua pepe ilikuwa ya wiki tano nyuma. Sikulia siku ile, nilipika. Nililia Jumamosi, saa zangu zilipofika na sina cha kufungua.

Sasa lugha. Tunafikiri kwa Kiswahili, tunaongea Kiswahili mchana kutwa, na usiku tunatakiwa kuandika Kiingereza cha vitabu. Ukikwama kwenye aya, mara nyingi tatizo liko kwenye wazo, Kiingereza unakisingizia tu. Mimi nilishika simu, nikajirekodi nikimweleza dada yangu kwa Kiswahili: nataka kusema nini hapa? Yeye hakuwepo, lakini nilimjua maswali yake. Dakika mbili zikitoka sawa, aya ilikuwa imeshapatikana, kilichobaki ni kuihamisha. Zikitoka hovyo, nilijua sijasoma vya kutosha.

Kazi yako itapitishwa kwenye Turnitin, ambayo hupima ni kiasi gani cha maneno yako kimefanana na ya wengine. Uliza kikomo cha chuo chako na kanuni zake juu ya programu za akili bandia. Zaidi ya hapo, andika mwenyewe.

Hatua ya sita: msimamizi

Msimamizi ana madarasa yake, ana wanafunzi wengine, ana vikao, na ana nyumba. Usitarajie akukumbuke wewe peke yako. Hilo ukilikubali utapungukiwa na kinyongo.

Mwite kwa cheo chake, Daktari au Profesa, hata kama mmesoma shule moja. Salimu kwanza, kisha useme shida. Ujumbe wa "Umeshasoma?" haujibiki, kama hajasoma, atafanyaje? Kunyamaza. Mpe swali ambalo anaweza kulijibu akiwa kwenye matatu. Kwa mfano: "Daktari, hali gani. Nimepunguza maeneo ya utafiti kutoka manne hadi mawili, Likoni na Shimoni, kwa sababu ya nauli. Niendelee?" Huo nilijibiwa kwa dakika tisa: "Endelea. Eleza sababu kwenye sura ya tatu." Ile barua pepe yangu ya kurasa mbili kabla ya hapo ilikuwa imelala majuma matatu.

Kila mkikutana, usiku ule ule mwandikie mistari mitano: tumeafikiana hivi na hivi, nitaleta kitu fulani tarehe fulani. Si kwa kumtega. Wasimamizi ni wawili, na wa pili akisema geuza kile alichokisema wa kwanza, mistari ile ndiyo itakayokuokoa. Mtumie kila mmoja nakala ya maoni ya mwenziwe, na ombeni kikao cha watu watatu badala ya wewe kuwa tarishi.

Kimya kikizidi je? Wa kwangu alinyamaza miezi minne. Nilingoja miwili kwa adabu, jambo ambalo leo nisingelifanya. Wiki tatu zinatosha. Nenda mlangoni kwake siku anayofundisha. Ukikosa, mwandikie mratibu wa uzamili wa idara, bila lawama, tarehe tu: nilipeleka sura hii siku hii, nikakumbusha siku hii. Mimi nilifanya hivyo na mwezi ule nikapewa mwingine. Yule wa mwanzo tulisalimiana vizuri tu siku ya mahafali, na baadaye nikasikia alikuwa akiuguza.

Hatua ya saba: karatasi, kwa mpangilio wake

Kwanza unatetea pendekezo idarani, na mara nyingi tena kwenye kitivo. Ukisharekebisha, unapata barua ya shule ya uzamili. Barua hiyo inakwenda na pendekezo kwenye kamati ya maadili. Maadili wakipitisha, unaomba kibali kwa Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, NACOSTI, na maombi ni kwa mtandao. Kibali mkononi, unaripoti kwa kamishna wa kaunti na ofisi ya elimu ya kaunti, kisha ndiyo unashuka kwa chifu. Ukiruka moja, linalofuata halifunguki. Usianze kukusanya data kabla ya kibali hata kama mtu amekuambia "we anza tu."

Hesabu miezi, na uihesabu na hali ya hewa ya mada yako. Mimi nilitafiti kina mama karanga, wale wanaonunua samaki wadogo ufukweni wakawakaanga na kuwauza barazani jioni. Kwenye pendekezo niliandika nitakusanya data Januari, bahari ikiwa shwari. Karatasi zikachelewa, kibali kikatoka Juni. Juni ni kusi. Bahari imechafuka, vyombo vidogo haviendi mbali, samaki hakuna, na mama karanga nusu yao wako shambani au wanauza viazi karai. Nilingoja hadi Oktoba. Kama unatafiti wanafunzi, angalia kalenda ya mitihani. Hoteli zina msimu wake. Na Ramadhani kila mwaka hufika mapema zaidi kwa kama siku 11, basi usitazame ya mwaka jana.

Hatua ya nane: siku ya kwanza nyanjani

Ufukweni hupiti bila kamati ya BMU, ile inayosimamia bandari ya wavuvi. Mtaani kuna mzee wa mtaa. Nenda na kibali, nenda na salamu, na nenda siku moja kabla ya siku ya kazi.

Hojaji yangu niliiandika kwa Kiingereza, nikaitafsiri, nikaiona imenyooka. Swali la sita lilisema: kwa mwezi unapata faida kiasi gani? Bibi wa kwanza alikuwa na karai motoni. Aligeuza samaki wake, akanitazama, akageuza tena. "Mwezi? Mwanangu, mie nahesabu siku. Jana nilipata. Leo riziki haikuja. Huo mwezi umeuona wapi?" Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka, kisha nikakaa chini juu ya ndoo.

Nililivunja swali lile vipande. Jana ulinunua samaki wa pesa ngapi? Mafuta na kuni? Wangapi uliwapeleka nyumbani wakaliwa? Ulipofunika karai, mkononi ulikuwa na ngapi? Majibu yakatiririka, na hilo la samaki walioliwa nyumbani, ambalo kwenye Kiingereza changu halikuwamo, likawa sehemu kubwa ya sura ya nne. Kwa hiyo ijaribu hojaji yako kwa watu wachache kabla hujaichapa nakala mia, na ukibadilisha kitu kikubwa, wajulishe wasimamizi na kamati ya maadili.

Mengine ya huko, kwa haraka. Vyombo vikifika hakuna wa kukujibu. Nenda baada ya mauzo au kabla. Wengi wanaogopa kutia saini, kwa sababu saini waliyoizoea ni ya mkopo. Kwenye maombi ya maadili omba uruhusiwe ridhaa ya mdomo au alama ya kidole. Majina ya watu yakae mbali na majibu yao, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu hata wewe mwenye daftari. KoboToolbox inajaza majibu kwenye simu bila intaneti, lakini kwa mahojiano marefu daftari haliwatishi watu kama simu. Usimwahidi mtu kwamba utafiti wako utaleta msaada.

Hatua ya tisa: ukipotea

Utapotea. Mtoto wangu wa pili aliugua, kazini wakapunguza watu na mimi nikabebeshwa meza mbili, na kuanzia Februari hadi Julai sikufungua faili. Mwezi wa kwanza nilikuwa nimechoka tu. Wa tatu nikawa naona aibu. Nikimwona mtu wa chuoni pale soko la Mackinnon nabadilisha njia, naingia kwa wauza viungo najifanya nanusa iliki. Aibu ile ndiyo iliyowala wenzangu, zaidi ya karo na zaidi ya takwimu, kwa sababu kila wiki unayokaa kimya inaongeza maelezo unayodhani unadaiwa.

Hudaiwi maelezo. Andika hivi, ubadilishe ya kubadilisha:

"Assalam aleikum Daktari. Ni mwanafunzi wako wa uzamili wa mama karanga. Nimekuwa kimya tangu Februari. Nina nusu ya sura ya tatu na maswali mawili. Naomba dakika ishirini wiki hii au ijayo, siku utakayoona."

Usieleze ugonjwa, usieleze kazi, usiombe radhi mara nne. Akitaka kujua atauliza mkikutana. Niliuandika ujumbe ule jikoni saa kumi na moja alfajiri, nikauweka hadi saa tatu asubuhi, nikaubonyeza nikiwa kwenye foleni ya feri, kisha nikazima simu.

Nilipoiwasha jibu lilikuwapo. "Waleikum salaam. Tulidhani umeacha. Leta ulichonacho, Alhamisi saa nane."

Alhamisi nilivuka saa saba na kurasa kumi na moja mkobani, mbili kati ya hizo zikiwa na vichwa tu, chini yake tupu.